Kwa Nini Wamarekani Huzililia Timu za Vyuo

Tarehe 30 Agosti 2023 watu 92,003 waliingia uwanja wa Memorial katika mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska. Hawakufuata soka, wala futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai ambao uwanja huo ulijengwa kwa ajili yake. Walikwenda kuwatazama wasichana wa chuo kikuu wakicheza mpira wa wavu. Mwaka mmoja kabla, watu 91,648 walikuwa wamefurika Camp Nou kuwashangilia wanawake wa Barcelona dhidi ya Wolfsburg, na dunia ikastaajabu. Barcelona inajulikana kila kona ya dunia. Nebraska ni jimbo la mahindi na ng'ombe, lenye watu wapatao milioni mbili.

Linaloieleza Nebraska linaeleza sehemu kubwa ya ushabiki wa timu za vyuo Marekani. Jimbo hilo halina timu hata moja katika ligi kuu za kulipwa, iwe ya futiboli, ya kikapu au ya besiboli. Mzaliwa wa huko akitaka timu ya kuiita yetu, iliyopo ni ya chuo kikuu cha jimbo, yenye jezi nyekundu. Tangu Novemba 1962 tiketi za kila mechi ya futiboli inayochezwa Lincoln zimekuwa zikiuzwa zikaisha, hata katika miaka ambayo timu imefungwa mpaka mashabiki wakaona haya. Siku ya mechi, walio ndani ya uwanja ni wengi kuliko wakazi wa mji wowote wa Nebraska ukiondoa Omaha na Lincoln yenyewe.

Viwanja vinasema mengi. Marekani kuna viwanja vinane vya futiboli vilivyojengwa kuingiza watu zaidi ya 100,000, na vyote vinane ni vya vyuo vikuu. Kikubwa kuliko vyote ni cha Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, kilichofunguliwa 1927 na chenye nafasi 107,601. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, ambao siku ya Simba na Yanga huonekana kama umelimeza jiji zima, una nafasi 60,000.

Mchezo wenyewe ulianzia pwani ya mashariki. Mechi inayohesabiwa kuwa ya kwanza baina ya vyuo ilichezwa Novemba 1869, Rutgers wakiwafunga Princeton 6 kwa 4. Kwa miongo kadhaa wababe walikuwa Yale, Harvard na Princeton, na Yale walipofungua uwanja wao mwaka 1914 ulikuwa na viti zaidi ya 70,000. Leo mechi yao na Harvard bado inapendwa na waliosoma huko, lakini mtu wa kawaida wa Boston anaililia Red Sox au Celtics, na wa New York ana Yankees. Vyuo hivyo vilikataa kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo, na miji jirani ikawa na timu zake za kulipwa. Mapenzi yakahamia Kusini na kwenye majimbo ya katikati, kwenye miji midogo ambayo chuo kikuu ndicho kitu kikubwa kuliko vyote vilivyopo.

Hakuna mahali yalipokita mizizi kama Alabama. Jimbo hilo nalo halina timu ya ligi kuu ya kulipwa, ila lina vyuo viwili vinavyogombania mioyo ya watu: Chuo Kikuu cha Alabama kilichoko Tuscaloosa, na Auburn. Mtoto huulizwa mapema yuko upande gani, na mara nyingi jibu lake hufuata ukoo. Wa Alabama husalimia kwa "Roll Tide", wa Auburn kwa "War Eagle", dukani, kanisani, hata harusini. Wengi wa hao hawajawahi kukanyaga darasa la chuo wanachokishangilia.

Mapenzi hayo yalianza katika machungu. Majimbo ya Kusini yalishindwa vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865, yakabaki maskini, na Kaskazini ikiyatazama kwa dharau. Tarehe 1 Januari 1926 vijana wa Alabama walikwenda California wakaifunga Washington 20 kwa 19 katika mechi ya Rose Bowl, na weupe wa Kusini nzima wakaupokea ushindi ule kuwa wao. Weusi hawakuwemo katika sherehe hiyo, kwa kuwa hawakuruhusiwa kusoma chuoni hapo, sembuse kuvaa jezi yake. Juni 1963 gavana George Wallace alisimama mlangoni mwa chuo kuwazuia wanafunzi wawili weusi wasijiandikishe. Timu ya futiboli ilichelewa zaidi. Septemba 1970 Chuo Kikuu cha Southern California kilikuja Birmingham na kijana mweusi, Sam Cunningham, aliyewapita mabeki wa Alabama alivyotaka. Matokeo yakawa 42 kwa 21. Kocha wa Alabama, Bear Bryant, alikuwa tayari amemsajili Wilbur Jackson, mweusi wa kwanza kupewa ufadhili wa futiboli hapo, lakini kanuni za wakati ule hazikumruhusu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kucheza. Mwaka uliofuata wachezaji weusi wakaingia uwanjani na jezi ya Alabama. Anayetaka kuelewa kwa nini timu ya chuo inabeba uzito kiasi hiki Kusini hana budi kuanza na historia hii, kwa sababu jezi ile imebeba aibu ya jimbo kama ilivyobeba fahari yake.

Kuhusu utani wa jadi baina ya Alabama na Auburn, mechi moja inatosha kuueleza. Tarehe 30 Novemba 2013, uwanjani kwa Auburn, timu zilikuwa sare 28 kwa 28 na saa imebakiwa na sekunde moja. Alabama wakaamua kubahatisha: wapige mpira kutoka mbali upite katikati ya nguzo za goli. Mpira ukakosa nguvu. Chris Davis wa Auburn, aliyekuwa akiusubiri nyuma kabisa, akaudaka na kukimbia nao uwanja mzima, zaidi ya mita 90, mpaka upande wa pili. Auburn 34, Alabama 28. Waliokuwepo siku hiyo watawasimulia wajukuu.

Ushabiki huo una upande mbaya pia. Mwaka 2010 Alabama waliongoza 24 kwa 0 nyumbani kwao wakaishia kufungwa 28 kwa 27. Baada ya mechi hiyo shabiki mmoja wa Alabama alikwenda kuimwagia sumu miti miwili ya mialoni iliyokuwa mjini Auburn, pale watu wanapokusanyika kusherehekea ushindi. Miti ilikufa, ikakatwa 2013, na mwenye kosa akaonja jela.

Notre Dame ni habari nyingine kabisa. Chuo hicho cha Kikatoliki kiko kando ya mji wa South Bend, Indiana, lakini mashabiki wake wametapakaa nchi nzima, na jimbo halina uzito mkubwa katika mapenzi yao. Kilichowaunganisha ni dini na uhamiaji. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wakatoliki waliotoka Ireland, Italia na Poland walidharauliwa Marekani. Kundi la kibaguzi la Ku Klux Klan liliwachukia pamoja na weusi na Wayahudi, na Mei 1924 wanafunzi wa Notre Dame walipambana na wafuasi wake katika mitaa ya South Bend. Msimu uliofuata timu ya kocha Knute Rockne, mzaliwa wa Norway, haikufungwa hata mechi moja. Mfanyakazi wa reli wa New York au wa kiwandani Chicago, ambaye hakuwa na ndoto ya kusoma chuo chochote, alipata timu ya kumtoa kimasomaso mbele ya waliomdharau. Tangu 1991 televisheni ya NBC imekuwa ikionyesha mechi za nyumbani za Notre Dame kwa mkataba wa chuo hicho peke yake, jambo adimu sana, ingawa ubingwa wao wa mwisho wa taifa ni wa 1988. Mapenzi ya namna hiyo hayangoji kombe.

Katika mpira wa kikapu, macho ya wengi huelekea North Carolina. Duke na Chuo Kikuu cha North Carolina viko umbali wa kilomita 16 hivi. Ukumbi wa Duke, Cameron, unaingiza watu 9,314 tu, na wanafunzi hulala nje kwenye mahema kwa wiki kadhaa za baridi ili wapate nafasi siku ya mechi hiyo. Jimbo hilo lilipata timu ya kikapu ya kulipwa, Charlotte Hornets, mwaka 1988. Mwaka 2002 timu ikahamishiwa New Orleans. Hapo ndipo penye tofauti kubwa kati ya klabu na chuo. Klabu ya kulipwa Marekani ina mmiliki, na mmiliki akitaka anaibeba. Baltimore waliamka asubuhi moja ya Machi 1984 wakakuta timu yao ya futiboli imepakiwa kwenye malori usiku na kupelekwa Indianapolis. Chuo kikuu hakihamishiki.

Connecticut wanalijua hilo vizuri. Timu yao ya magongo ya barafu, Hartford Whalers, iliondoka 1997, na tangu hapo jimbo halijawa na timu kubwa ya kulipwa ya wanaume. Mapenzi yote yakaelekea Storrs, kijiji kilicho na Chuo Kikuu cha Connecticut. Wanaume wa chuo hicho wana mataji sita ya taifa ya kikapu, wanawake chini ya kocha Geno Auriemma wana kumi na mawili, likiwemo la 2025. Na huko ndiko Mtanzania Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam mwenye urefu wa mita 2.21, alikocheza kuanzia 2006 hadi 2009. Alikuwemo usiku wa Machi 2009 huko New York ambapo Connecticut na Syracuse waliongezewa muda mara sita kabla ya Syracuse kushinda 127 kwa 117, na msimu huo Connecticut walitinga nusu fainali ya taifa. Miezi michache baadaye Thabeet alichaguliwa wa pili katika usajili wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry.

Wakimbiaji wa Afrika Mashariki walitangulia zamani. Mwaka 1978 Mkenya Henry Rono, mwanafunzi wa Washington State, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81. Baadaye Mkenya mwingine, Edward Cheserek, alitwaa mataji 17 ya vyuo akiwa Oregon. Ila riadha haijazi majukwaa Marekani, isipokuwa Eugene, mji wa Oregon, ambako watu hununua tiketi kwa ajili ya mbio na kuwajua wakimbiaji kwa majina.

Katika kikapu cha wanawake, mambo yamebadilika mbele ya macho yetu. Caitlin Clark, binti wa Iowa aliyeamua kubaki kuchezea chuo cha jimbo lake, alifunga pointi 3,951 katika miaka minne. Fainali ya Aprili 2024, ambapo South Carolina waliwafunga Iowa 87 kwa 75, ilitazamwa na watu karibu milioni 19 Marekani, wakati ya wanaume ilipata milioni 14.8. Iowa, kama Nebraska, haina timu ya ligi kuu ya kulipwa. Ina, hata hivyo, desturi ambayo klabu nyingi tajiri zingeionea wivu: tangu 2017, robo ya kwanza ya mechi ya futiboli ikiisha, uwanja mzima pamoja na wachezaji hugeuka na kuwapungia mkono watoto wagonjwa walioko madirishani katika hospitali inayotazamana na uwanja.

Sasa fedha zinaujaribu ushabiki huu. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, na kuanzia msimu wa 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwagawia fedha; kikomo cha msimu huo kilikuwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo. Hiyo ni haki yao; walijaza viwanja kwa miaka mingi huku makocha wakitajirika. Kinachoumiza ni kuvunjwa kwa ujirani. Kwa kufuata fedha za televisheni, mwaka 2024 vyuo vya Los Angeles vilijiunga na ligi moja na Rutgers wa New Jersey, ng'ambo ya pili ya bara, na Washington State, chuo cha Rono, kikaachwa na mwenzake mmoja katika ligi iliyosambaratika. Oklahoma na Oklahoma State, waliocheza futiboli tangu 1904, walikutana mara ya mwisho 2023 kabla ya Oklahoma kuhama ligi. Wakubwa waliofanya hivyo wamekata tawi walilokalia: watu walizifuata timu hizi kwa sababu adui alikuwa jirani, shemeji, mfanyakazi mwenza.

Utani mmoja mkubwa umesalimika. Ohio State na Michigan walianza kukutana mwaka 1897, na wiki ya mechi hiyo herufi M hufutwa kwa alama ya X kwenye mabango ya chuo cha Ohio, kwa kuwa ndiyo inayoanza jina la jirani. Msomaji anayetaka kuonja ushabiki huu aitafute mechi hiyo Jumamosi ya mwishoni mwa Novemba. Kwa kawaida huanza saa sita mchana kwa saa za Ohio, yaani saa mbili usiku Dar es Salaam na Nairobi.