Pua Iliyoziba Miezi Mingi Si Mafua

Katika mtaa wa Bwaise, Kampala, mafuriko huacha unyevu kutani, na moshi wa makaa hujaa vyumbani. Hayo huweza kuvimbisha nyama za ndani ya pua. Pua ikiziba zaidi ya majuma 12, mgonjwa asiendelee kununua matone ya kuzibua: yakipita juma moja huzidisha uvimbe. Yafaa aende Hospitali ya Mulago, iliyo jirani, kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Dawa zikishindwa, ukuta wa pua uliopinda hunyooshwa, au nyama zilizovimba hupunguzwa, kupitia tundu za pua, pasipo kovu usoni. Kisha asipenge kamasi mpaka daktari aruhusu. Lakini kisu hakikaushi nyumba: jiko litolewe nje, madirisha yafunguliwe, ama uvimbe waweza kurudi.