SIRI YA MVUMBUZI NA ULINZI WAKE

Katika nchi ya Abagusii, yaani Kisii na Nyamira, tangu zamani walikuwako waganga waitwao ababari emetwe. Mganga wa namna hii alipasua ngozi ya kichwa cha mtu aliyeumia, akaukwangua mfupa wa fuvu, kisha akakifunga kidonda. Katika miaka ya 1950 madaktari waliandika habari za kazi hiyo katika majarida ya utabibu. Ujuzi wenyewe, lakini, ulirithishwa ndani ya ukoo kwa kuona na kutenda, na asiyekuwa na mrithi alizikwa nao.

Kunyamaza ni njia mojawapo ya kulinda ujuzi. Siri ikiisha kutoka, hairudi.

Njia nyingine ni kinyume chake. Fundi wa Tabaka akibuni mashine mpya ya kukatia yale mawe laini ya vinyago, yampasa kuieleza yote, pasipo kuficha, kwa Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, iliyoko Nairobi. Maombi yakikubaliwa hupewa hati iitwayo hataza. Kwa miaka 20 tangu siku ya maombi, mtu mwingine nchini haruhusiwi kuitengeneza wala kuiuza mashine ile bila idhini yake. Baadaye ni ya watu wote.

Yafaa fundi awe na daftari lililoshonwa, aandike kwa wino, achore, atie tarehe, na shahidi mwaminifu aweke sahihi. Hata hivyo daftari ni ushahidi tu, wala si kinga. Wawili wakibuni kitu kimoja, kila mtu kwa akili yake, sheria ya mwaka 2001 humpa haki aliyetangulia kupeleka maombi, si aliyetangulia kuwaza. Aliyekwisha kuionyesha kazi yake sokoni asikate tamaa, maana amepewa muhula wa miezi 12, ila asichelewe.

Omobari hawezi kupata hataza, kwa kuwa sheria hiyo haikubali njia za kupasua au kutibu mwili wa binadamu. Lakini sheria ya maarifa ya jadi ya mwaka 2016 inaiagiza kila serikali ya kaunti kuweka daftari la maarifa ya namna hiyo, na haki ni ya jamii. Mzee aliyefundishwa na babaye hana budi kuamua ni yapi atakayoyasema mbele ya karani, na yapi atakayomwachia mwanawe peke yake.