Maneno Yaliyosikika Visivyo: Njia ya Kuutambua Wimbo wa Utotoni

Aghalabu mtu anapojaribu kuukumbuka wimbo wa utotoni, kinachomjia si ubeti mzima bali vipande vya maneno visivyoleta maana. Wengi huvipuuza vipande hivyo au, vibaya zaidi, huvirekebisha hadi vifanane na sentensi. Makala haya yanadai kuwa vipande hivyo, jinsi vilivyosikika, ndio ushahidi bora alio nao mtafutaji, na kwamba kuvisahihisha mapema ni kuufuta ushahidi wenyewe.

Jambo hili si geni. Mnamo mwaka wa 1954, mwandishi Mmarekani Sylvia Wright alieleza katika jarida la Harper's jinsi alivyosikia utotoni jina la bibi mmoja wa kikabaila, Mondegreen, katika shairi la Kiskoti, ilhali shairi lilisema tu kwamba mtu aliyeuawa alilazwa nyasini. Wright, hata hivyo, alikosea ndani ya lugha yake mwenyewe. Kwetu Kenya mambo yana utata zaidi, kwa kuwa mara nyingi sikio la mtoto lilikuwa likisikiliza lugha lisiyoijua.

Katika miaka ya 1970 wanamuziki wengi kutoka Zaire walihamia Nairobi. Orchestra Super Mazembe walifika mwaka wa 1974, na Les Mangelepa wakaundwa papa hapa mwaka wa 1976. Nyimbo zao zilisikika redioni na kwenye gramafoni za nyumbani. Sasa, Kilingala na Kiswahili ni lugha za Kibantu, na maneno kama *mama* na *mwana* yana maana ile ile katika zote mbili. Huo ndio mtego. Msikilizaji akishaitambua *mwana*, huamini kwamba maneno yanayoifuata pia ni Kiswahili.

Mhojiwa wangu mmoja, mama wa makamo, alitaka kuupata wimbo ambao marehemu babake alikuwa akiupiga jioni baada ya kufiwa na mkewe. Alikumbuka maneno mawili tu: *mwasi* na *maua*. Miaka yote hiyo aliamini kwamba babake alipenda wimbo wa mtu aliyeasi, wenye maua ndani yake, na hakuona uhusiano wowote na msiba wao. Katika Kilingala, *mwasi* ni mwanamke au mke, na *mawa* ni huzuni. Wimbo wenyewe hatujaupata bado, maana nyimbo zenye maneno hayo ni nyingi mno. Lakini alipoelezwa maana hizo alinyamaza kwa muda, kisha akaomba nimwandikie maneno hayo kwenye karatasi. Lau angalikuwa ameyageuza yakawa sentensi nadhifu ya Kiswahili, tusingalifika hata hapo.

Kwa nini maneno yasiyoeleweka yahifadhiwe kwa uaminifu kiasi hicho? Katika uimbaji, irabu ndizo zinazobeba lahani, nazo konsonanti humezwa kwa urahisi na magitaa na ngoma. Kwa hiyo mtoto huhifadhi idadi ya silabi na irabu zake, kisha hujaza mapengo kwa maneno anayoyajua. Irabu nazo zina hila zake. Kilingala cha vitabuni kina irabu saba, Kiswahili tano. *Moto* wa Kilingala waweza kuwa mtu au ule moto tuujuao, kutegemea irabu na toni. Sikio la Mswahili husikia moto tu. Mtafutaji na aandike kwanza alichosikia, ahesabu silabi, ndipo ajiulize ni lugha gani.

Kuna programu za simu ziwezazo kuutambua wimbo kwa mluzi, lakini hazina msaada iwapo santuri yenyewe haijawahi kuingizwa kwenye intaneti, na santuri nyingi za Nairobi ziko katika hali hiyo. Hapo majina ya watu yatajwayo wimboni huwa na faida kuliko maneno mengine yote, kwa sababu jina halitafsiriwi, na wauzaji wa santuri za zamani huyakumbuka. Isisahaulike pia kwamba wimbo mmoja mara nyingi uligawanywa katika pande mbili za santuri, hadithi upande wa kwanza, magitaa na wito wa kucheza upande wa pili. Anayekumbuka magitaa na majina mawili matatu tu huenda alizoea kuusikia upande wa pili. Maneno anayoyatafuta yako nyuma yake.