Namba 28 iliyotudanganya: karatasi ya damu ya mamaangu

Kwa miezi mitano karatasi ya damu ya mamaangu ilikaa kwenye droo ya kabati, pamoja na pasipoti za zamani na risiti za umeme. Sote nyumbani tuliisoma. Na sote tuliisoma vibaya.

Mamaangu ana miaka 68. Kazaliwa Pemba, na ujana wake kautumia juani, akianika karafuu na kuzikimbilia mvua ikitaka kunyesha. Hapa Maskati maisha ni mengine. Kutoka nyumbani anaingia garini, kutoka garini anaingia dukani, na kote huko kiyoyozi. Jua analiona dirishani tu, na ile miale inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D haipiti kwenye kioo. Akitoka, kajifunika kama tunavyojifunika sote. Na ngozi yetu yenye rangi inahitaji jua la muda mrefu zaidi kuliko ngozi nyeupe. Ndo maana watu wanaoishi kwenye nchi za jua kali kama hizi zetu wanakutwa na upungufu wa vitamini ya jua.

Alianza kulalamika mapaja. Halafu mgongo. Kuinuka kutoka kwenye sijda kukawa kazi, mwisho akawa anasali juu ya kiti. Sisi tukasema uzee. Yeye mwenyewe akasema uzee. Hata hivyo tukampeleka zahanati, akatolewa damu, na jioni tukapewa karatasi: vitamini D, 28.

Usiku ule niliituma picha kwenye grupu la familia. Dada yangu aliyeolewa Dubai akajibu: "Mbona mimi pia nilipata 28, daktari akanambia imepungua kidogo tu, nile samaki na nitoke nje." Basi tukapumua. Alhamdulillah, si kitu. Karatasi ikaingia kwenye droo.

Miezi mitano baadaye mamaangu akaanguka msalani. Hakuvunjika, lakini hakuweza kuinuka mwenyewe, na alikaa sakafuni karibu saa nzima mpaka niliporudi kazini. Siku ile sitaisahau.

Daktari mwengine, alipoiona ile karatasi, aliuliza, "Nani kakwambieni hii si kitu?" Akachukua kalamu akazungushia duara herufi ndogo zilizo pembeni ya namba: nmol/L. Ya dada yangu ilikuwa ng/mL.

Namba moja, maana mbili

Maabara hazitumii kipimo kimoja. Nyengine huandika nanogramu kwa mililita (ng/mL), nyengine nanomoli kwa lita (nmol/L). Ukitaka kutoka ng/mL kwenda nmol/L, zidisha kwa 2.5. Kwa hiyo 28 ya dada yangu ni sawa na 70 kwa kipimo cha mamaangu. Na 28 ya mamaangu ni kama 11 kwa kipimo cha dada. Mmoja yu salama, mwengine mifupa inalia, na namba ni ile ile.

Kwa mifupa, watu wengi wanatosheka wakifika 50 nmol/L, yaani 20 ng/mL. Chini ya 30 nmol/L, yaani 12 ng/mL, hapo pana hatari ya kweli: kwa mtoto ni matege, kwa mtu mzima ni mifupa kulainika, kuuma, na misuli ya mapaja kukosa nguvu. Kumbe kile kiti cha kusalia kilikuwa dalili.

Wanapima nini hasa?

Damu inachukuliwa kwenye mshipa wa mkono, chupa moja ndogo, na kwa kipimo hiki peke yake huna haja ya kufunga. Inazungushwa kwenye mashine mpaka chembe zinajitenga na majimaji, na majimaji ndo yanayopimwa. Kinachotafutwa ni ile vitamini D iliyokwisha kupita kwenye ini, inayoandikwa 25-OH. Hiyo inakaa kwenye damu kwa wiki kadhaa, ndo maana inaonesha akiba ya mtu. Kuna nyengine inayotengenezwa na figo, 1,25. Hiyo yaweza kuonekana nzuri hata akiba ikiwa imekwisha, kwa hiyo si ya kutazamia upungufu. Angalia karatasi yako imeandikwa ipi.

Daktari hakuishia hapo. Alipima na kalsiamu, figo, na homoni inayotoa kalsiamu kwenye mifupa. Halafu akauliza suali ambalo hatukulitegemea: "Mama anatumia metformin muda gani?" Miaka 11, kwa ajili ya sukari. Akaagiza vitamini B12.

Mamaangu alikuwa na ganzi miguuni, na kila mtu alisema ni sukari. Lakini metformin ikitumiwa miaka mingi inaweza kupunguza B12 mwilini, na upungufu wa B12 nao unaleta ganzi hiyo hiyo. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwakumbusha madaktari wawapime wanaotumia dawa hii wakiwa na dalili. Ya mamaangu ilikuwa chini. Hakuambiwa aache metformin, na wewe usiiache kwa kusoma makala haya. Aliongezewa sindano za B12 tu.

Si kila mtu akapime, na si kila mtu ajidunge

Najua baada ya kusoma haya mtu atataka kuipeleka nyumba nzima maabara. Taratibu. Mwaka 2024 jumuiya ya wataalamu wa homoni ya Marekani ilishauri kuwa watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kwa mazoea tu. Kipimo ni cha mwenye sababu: maumivu ya mifupa na udhaifu wa mapaja, ugonjwa wa figo au ini, aliyefanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, anayetumia dawa za kifafa. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake hahitaji kutobolewa ili apewe matone. Kiwango kinachoshauriwa kwake ni yuniti 400 kwa siku.

Na zile sindano kubwa za vitamini D anazodungwa mtu kwa kusikia kwa jirani, ziogopeni. Vitamini hii haitoki kwa mkojo kama C. Ikizidi, kalsiamu inapanda kwenye damu, na figo ndo zinazoumia. Anayekula vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini naye amwambie daktari kabla ya kutolewa damu, maana biotini nyingi inaweza kuyaharibu majibu ya baadhi ya vipimo, vikiwemo vya moyo na tezi ya shingo.

Mamaangu alipewa dozi ya wiki kwa wiki, halafu ya kila siku. Baada ya miezi mitatu alirudia kipimo, maabara ile ile: 74 nmol/L. Magoti bado yanamuuma, na ganzi imepungua lakini haijakwisha. Lakini wiki ya pili ya Ramadhani nilimkuta sebuleni kakiweka kiti pembeni. Akasujudu, akainuka mwenyewe, akatoa salamu, kisha akanitazama: "Unalia nini wewe?"

Leo jioni ifungueni droo. Itazameni karatasi ya bimkubwa wenu, na kabla ya kuisoma namba, someni herufi ndogo zilizo pembeni yake.