Fundi, Usipige Windows Kwanza

Pale Maili Moja, Kibaha, kompyuta ya duka la steshenari ikianza kujizima yenyewe, ushauri wa kwanza wa mafundi wengi ni uleule: "Hii tuipige Windows upya." Inapigwa, inatulia wiki moja au mbili, kisha inajizima tena katikati ya barua ya mtu ya maombi ya kazi, na mwenye duka analipa mara ya pili. Hasara si hela tu. Ukifuta diski na kupiga Windows upya, unafuta na kumbukumbu ambazo mashine imekuwa ikijiandikia kimyakimya, na humo ndimo ungeanzia kutafuta kinachoizima.

Windows imekuwa na kumbukumbu hizo tangu toleo la NT 3.1 la mwaka 1993. Upande wa Unix, Eric Allman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alibuni syslog miaka ya 1980 kwa ajili ya Sendmail, programu yake ya baruapepe, na mtindo wake bado uko kwenye ruta na seva za leo. Kuzisoma kwenye Windows hakuhitaji kununua chochote: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, fungua Windows Logs, kisha System. Utakuta maelfu ya mistari, kila mmoja na saa yake, chanzo chake na namba yake. Kumbukumbu hizi zinafanana na daftari la mlinzi kwenye geti la kiwanda: gari limeingia saa fulani, taa imezimika saa fulani. Mlinzi anaandika alichokiona. Sababu utaitafuta mwenyewe.

Namba inayowatisha wengi ni 41, ya chanzo kiitwacho Kernel-Power. Imeandikwa Critical, ina alama nyekundu, basi mtu anadhani ameupata ugonjwa. Bado. Mashine iliyokatikiwa umeme haipati nafasi ya kuandika lolote. Tukio 41 huandikwa baada ya kuwashwa tena, mfumo unapogundua kuwa safari iliyopita haukufungwa kwa utaratibu. Karibu yake hukaa 6008, na hili ndilo la kusoma kwa makini: ndani ya maelezo yake limetaja saa ambayo kompyuta ilikoma, wakati saa ya tukio lenyewe ni ile ya kuwaka.

Fungua sehemu ya Details ya tukio 41. Kama BugcheckCode si sifuri, Windows yenyewe ilianguka kwa ile skrini ya bluu, na hapo utachunguza draiva au memori. Ikiwa sifuri, tazama PowerButtonTimestamp. Hiyo nayo ikiwa na thamani isiyo sifuri, kuna aliyeshikilia kitufe cha kuzimia, hata kama dukani kila mtu anakana. Zote mbili zikiwa sifuri, shuku umeme: wa mtaani, wa pawa saplai, au betri ya UPS iliyochoka. Hapo toka nje ukamuulize jirani. Friji yake nayo ikiwa ilizima dakika ileile, iache kompyuta, nunua UPS.

Jirani atakwambia ilikuwa saa nane na robo mchana, logi itasema 14:15. Hilo ni rahisi. Tabu inaanza pale Windows ilipowekwa na majira ya saa yakaachwa ya Pasifiki, Marekani. Matukio huhifadhiwa kwa saa ya UTC, yakaonyeshwa kwa majira ya mashine, hivyo saa 14:15 ya Kibaha inaweza kuonekana 03:15. Na betri ndogo ya bodi, ile CR2032, ikifa, kompyuta isiyo na intaneti huamka ikiamini iko miaka mingi nyuma. Rekebisha saa kabla ya kumtuhumu yeyote.

Rangi pia hudanganya. Tukio 10016 la DistributedCOM hujaa kwenye kompyuta nzima kabisa, na Microsoft wenyewe wameeleza kuwa laweza kupuuzwa. Matapeli wa simu huko Ulaya na Marekani wameifanya hofu hiyo mtaji: wanajifanya wahandisi, wanamwelekeza mtu afungue Event Viewer, anaona makosa kibao, anatetemeka, analipa.

Mimi naogopa zaidi alama moja ya njano. Chanzo chake ni disk, namba 153: ombi la kusoma au kuandika limebidi lirudiwe. Likitokea mara moja, huenda ni waya uliolegea. Likirudi kila siku, kisha ikaja 7, yaani diski ina sehemu mbovu, hamisha kazi za wateja saa hiyohiyo. Kupiga Windows upya juu ya diski hiyo ni kupaka rangi ukuta unaobomoka.

Usikawie kuzitazama, maana logi hizi kwa kawaida zimewekewa kikomo cha MB 20 hivi, zikijaa mapya yanafuta ya zamani. Fundi makini huchagua Save All Events As, akaweka faili la evtx kwenye flashi kabla hajagusa kitu. Nakala hiyo ina uzito zaidi pale kesi ni ya mtu kuingilia kompyuta. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime data zilivyotengenezwa na zilivyotunzwa kabla ya kuzipa uzito. Na mwizi akiisafisha logi ya Security ili kuficha nyayo, Windows huandika tukio 1102 papo hapo, pamoja na jina la akaunti iliyoifuta.