Sakulenti Zako Hazidedi kwa Kiu, Ni Wewe Unazizamisha

Hii ni story ya bedsita nyingi Nairobi. Msee anapita Ngong Road, anacheki kammea kadogo kenye majani manene, anaambiwa "hii haina stress," anatoa soo mbili. Anakaweka kando ya TV na kukamwagia maji kila asubuhi. Mwezi ukiisha, kamekuwa uji.

Wengi hudhani walikosa mkono wa maua. Zii. Shida ni maji mob na giza, na hizo mbili zikikutana kejani, sakulenti haina bahati.

Kwanza, hii mmea ni gani?

Sakulenti ni mmea wowote unaoweka akiba ya maji kwa majani, shina ama mizizi. Usidhani ni vitu za ng'ambo tu. Shubiri zimejaa sehemu kavu za Kenya, na waridi la jangwani, lile la shina nene na maua ya pinki, pia ni la huku kwetu. Hata Oldupai, lile bonde la Tanzania lenye mabaki ya binadamu wa kale, lilipata jina kutoka kwa neno la Kimaasai la mkonge wa porini. Binamu za huo mkonge ndizo zile zenye majani kama panga unaziona kwa ofisi na saluni.

Mimea mingi hufungua vitundu vya majani mchana kuvuta hewa, na jua linaiba maji hapo hapo. Sakulenti nyingi hungoja usiku, kukipoa, ndio zifungue. Ndio maana zinatumia maji kidogo sana.

Maji inaua aje?

Mizizi pia inapumua. Udongo ukikaa umelowa siku nyingi, nafasi za hewa zinajaa maji, mizizi inakosa pumzi na kuoza. Halafu hapa ndio watu huchapwa: mizizi ikioza haiwezi kuvuta maji, so majani yananyauka kama yako na kiu. Wewe unaona huruma, unaongeza maji. Umemaliza kazi.

Jifunze kutofautisha. Yenye kiu, majani ya chini yanakunjamana na kulegea, lakini rangi haibadiliki sana. Iliyozama, majani yanakuwa njano, laini, karibu unaona ndani, na ukigusa tu yanadondoka.

Usimwagilie kwa kalenda

Chomeka kijiti cha mishikaki hadi chini ya udongo. Kikitoka na unyevu ama udongo umeshika, achana nayo. Kikitoka kikavu, mwaga maji hadi itoke chini, kisha mwaga ile imebaki kwa kisahani. Januari na Februari, jua likiwaka, unaweza pata unamwagilia kila wiki moja ama mbili. Juni hadi Agosti, ile baridi ya Nairobi, hata wiki tatu ama nne zinaweza pita na mmea uko poa tu.

Kopo lazima liwe na shimo chini. Si lazima ununue ya bei. Mkebe wa Kimbo na msumari wa moto vinatosha. Udongo wa shamba peke yake unashika maji sana, so changanya nusu udongo, nusu mchanga wa mto wenye chembe kubwa ama kokoto ndogo. Watu wa Mombasa, wacheni mchanga wa ufuoni, uko na chumvi.

Ndani ama nje?

Dirisha likiangalia ukuta wa ploti ya jirani, zile za umbo la waridi zitarefuka shingo zikitafuta jua, na hazirudi kuwa fupi. Keja yenye giza, chukua ile ya majani kama panga, hiyo huvumilia. Dirisha la mashariki ndilo tamu zaidi, linapata jua la asubuhi mwaka mzima. La kaskazini hupata jua miezi ya katikati ya mwaka, la kusini hupata karibu na Krisi. So ni sawa kuhamisha mmea.

Ukitoa nje, usiirushe kwa jua la saa sita siku ya kwanza. Anza na jua la asubuhi, ongeza polepole kwa wiki mbili, ama majani yataungua na hayo madoa hayatoki. Mvua ya Machi hadi Mei ikianza, zile ziko kwa kopo zisogeze chini ya paa.

Imeanza kuoza? Bado kuna form

Kata juu, mahali shina bado ni safi, hakuna weusi ndani. Acha kipande kikauke kivulini siku kadhaa hadi kidonda kifunge, ndio upande kwa udongo mkavu. Ukiona vidudu vyeupe kama pamba, pangusa na pamba yenye spiriti.

Chunga macho

Kuna zingine si za kucheza nazo. Mtupa, ule wa ua la ushago ambao Wakikuyu huita kariaria, uko na utomvu mweupe unaochoma ngozi, na ukiingia kwa jicho unaweza kukosa kuona kwa muda. Vaa glavu ukikata. Ukikurukia, osha jicho na maji safi mob, kisha enda hosi. Waridi la jangwani nalo lina sumu kali, hadi utomvu wake umetumika kwa mishale. Kama uko na mtoto ama paka kejani, weka juu kabisa.

Na usichimbe za porini

Tangu 1986, Kenya ilipiga marufuku uvunaji wa shubiri za porini, na 2007 zikaja kanuni za kuhakikisha biashara inatoka kwa zile zimepandwa. Ukiuziwa mmea mkubwa mizizi imekatwa na makovu kibao, uliza umetoka wapi. Hiyo ilichukua miaka mingi kukua huko kwa ukame, na kwako inaweza maliza mwezi tu. Afadhali uombe jani moja kwa jirani, ulikaushe siku tatu, uliweke juu ya udongo. Zingine huota mizizi hivyo tu, na hujatoa hata mbao.