Chaneli Moja au Nyingi? Elimu ya Afya kwa Njia ya Video katika Milima ya Usambara

Barabara inayopanda kutoka Mombo hupita Soni, hufika Lushoto, kisha huendelea kuelekea Lukozi, Mlalo na Mtae, huku vijiji vikiwa vimetawanyika juu ya matuta na ndani ya mabonde. Mhudumu wa afya anayetaka kuwafikia wakazi wa huko ana kwa ana hana budi kutumia siku nyingi njiani. Video iliyowekwa mtandaoni hufika kwa dakika chache, mradi simu iwe na chaji na bando. Ndiyo maana wahudumu wanaofikiria kutoa elimu kwa njia hiyo hukutana mapema na swali hili: tufungue chaneli moja, au kila mada ipewe chaneli yake?

Mwanzoni wingi huvutia. Afya ya mama na mtoto ingepata chaneli yake. Kisukari na shinikizo la damu yao. Wazee wanaopendelea Kisambaa yao. Wauguzi wanaojiendeleza nao yao. Hoja ya wanaopenda mpango huu si dhaifu: aliyejiunga ili ajifunze kunyonyesha huenda asijali video ya tezi dume. Hata hivyo, njia mbili zilimshinda fisi, sembuse nne. Kila chaneli hudai mtu wa kuandaa, wa kuhakiki na wa kujibu maswali. Chaneli iliyotelekezwa haifi. Hubaki pale ikionyesha ushauri uliopitwa na wakati bila mtu wa kuusahihisha. Katika tiba, hilo ni hatari.

Historia ya Lushoto yenyewe inatufundisha jambo. Kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilaya hii ilisumbuliwa na tauni mara kwa mara. Watu zaidi ya 7,000 waliugua, na mamia walifariki dunia. Tauni huenezwa na viroboto wa panya. Mgonjwa hupata homa kali na mitoki, yaani tezi zilizovimba kinenani, kwapani au shingoni. Akiwahishwa hospitali hutibika kwa antibaotiki. Akicheleweshwa, maisha yake huwa hatarini. Siku ya mlipuko, basi, saa chache zina thamani kubwa. Mwananchi hatapata nafasi ya kujiuliza habari ya homa imewekwa katika chaneli ipi kati ya nne. Atakwenda mahali anapopafahamu na kupaamini. Imani hiyo hujengwa kidogo kidogo, kwa video za kunawa mikono na za lishe, kabla ya siku ya dharura kufika.

Tena, waliougua tauni huko kwa wingi zaidi walikuwa wanawake na watoto. Iwapo simu ya nyumbani ni ya baba, chaneli ya akina mama peke yao huenda isiwafikie walengwa. Chaneli moja ya familia nzima humfikia baba kwanza, naye akaiweka mezani wote waitazame.

Je, hakuna wakati unaofaa kutenganisha? Upo. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam, lililoanzishwa mwaka 2013, lilitayarisha Ubongo Kids kwa watoto wa umri wa shule ya msingi, kisha likaongeza Akili and Me kwa wadogo zaidi. Hesabu imo katika vipindi vyote viwili. Kilichovitenganisha ni umri wa mtazamaji na namna anavyojifunza. Hicho ndicho kipimo tunachokipendekeza: tenganisha kwa hadhira, si kwa mada.

Kwa kipimo hicho, mada za wananchi zote zaweza kukaa katika chaneli moja, zikipangwa katika orodha mbalimbali: ya wajawazito, ya kisukari, ya Kisambaa. Wauguzi ni hadhira nyingine. Picha za vidonda na za upasuaji zinazowafaa wao zaweza kumtisha au kumpotosha mwananchi, hivyo wastahili mlango wao. Lakini tusijidanganye kwamba kuificha video kunatosha, kwani kiungo kikisambazwa, yeyote atakayekipata ataifungua. Katika mji mdogo, mgonjwa hutambulika kwa sauti au kwa kanga aliyoivaa. Ridhaa yake ni lazima katika milango yote.

Kuna pia suala la nguvu. Kugawa chaneli ni kugawa watazamaji. YouTube, kwa mfano, hutaka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kutoa mgawo wa matangazo kwa video ndefu. Kila chaneli mpya huanza kuhesabu kutoka sifuri. Kwa upande wa sheria, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilitungwa upya mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022. Ni busara kuwauliza TCRA kabla ya kuanza.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua chaneli ya pili, timu ijiulize maswali matatu. Je, watazamaji wake ni watu tofauti kweli? Nani ataihakiki kila mwezi? Na ikibidi kuifunga, wanaoitegemea wataelekezwa wapi? Kama majibu hayajapatikana, moja yatosha. Mama wa Mlalo anayempakata mtoto mwenye homa usiku hahitaji milango mingi. Anahitaji mmoja, ulio wazi, na nyuma yake awepo mtu wa kumjibu.